Kati ya Septemba na Januari: Historia ya Kuanza Mwaka wa Masomo ya Sekondari katika Serengeti na Tarime, 1934–2024

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu elimu nchini Tanzania, tarehe ya kufungua shule huchukuliwa kuwa jambo la kiutawala tu. Wizara hutangaza kalenda, wakuu wa shule huibandika ukutani, na wanafunzi huripoti. Insha hii inapinga mtazamo huo. Inadai kwamba katika wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, kuanza mwaka wa masomo ya sekondari kumekuwa, kwa muda wa takriban miaka tisini, mahali ambapo kalenda tatu hukutana na kugombania mtoto mmoja: kalenda ya dola, kalenda ya mvua na mavuno, na kalenda ya jando na ukeketaji. Mtoto anayefika darasani mwezi wa Januari ni yule ambaye kalenda ya kwanza imemshinda mwenzake wa pili na wa tatu. Asiyefika huonekana katika daftari la mahudhurio kama nafasi tupu, na historia ya nafasi hiyo tupu haijaandikwa vya kutosha.

Mfano unaoongoza mjadala ni Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, pamoja na kata zinazouzunguka mji huo, ikiwemo Morotonga. Eneo hili lina sifa mbili zinazolifanya lifae kwa uchunguzi wa aina hii. Kwanza, ni eneo la makabila kadhaa yanayoishi jirani, yakiwemo Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambayo mila zao za rika na tohara zinafanana kwa kiasi na kutofautiana kwa kiasi. Pili, ni eneo lililopata shule za sekondari kwa kuchelewa, kisha likazipata kwa wingi ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo, mabadiliko ambayo kwingineko yalichukua vizazi vitatu, hapa yalishuhudiwa na kizazi kimoja.

Swali kuu linaloulizwa ni hili: kwa nini, katika kipindi ambacho vikwazo vya zamani vya kuingia sekondari, yaani uhaba wa shule, ada na mchujo wa mtihani, vimepunguzwa kimoja baada ya kingine, miezi inayotangulia ufunguzi wa shule imeendelea kuwa kipindi cha hatari kwa mtoto wa kike? Jibu linalotetewa ni kwamba marekebisho yote yalielekezwa kwenye mlango wa shule, ilhali muda wa kusubiri mlangoni uliachwa kama ulivyorithiwa.

2.0 Safari ya Wachache, 1934–1961

Rekodi inayofahamika zaidi ya kuanza masomo katika Mara ni ile ya Julius Kambarage Nyerere. Mwaka 1934, akiwa na umri wa takriban miaka 12, aliondoka Butiama kwenda kuanza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, ambako wanafunzi walilala bweni. Mwaka 1937 alichaguliwa kwenda Tabora, shule ya serikali iliyokuwa imeanzishwa katika miaka ya 1920 kwa lengo la kuwafundisha wana wa watemi. Simulizi hili hurudiwa sana kwa sababu ya cheo alichokuja kupata mhusika. Kwa mwanahistoria wa elimu, hata hivyo, thamani yake iko katika mambo ya kawaida yanayoonekana ndani yake. Kuanza masomo kulimaanisha kuondoka nyumbani. Aliyechaguliwa kwenda Tabora kutoka Musoma alivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, kisha akapanda treni, kwa kuwa reli ya kati ilikuwa imefikishwa Mwanza mwaka 1928. Safari hiyo ilikuwa ya wavulana wachache mno, na ilitegemea uamuzi wa baba, mtemi au mmisionari.

Katika Mara ya Kaskazini, ambayo ndiyo Tarime na Rorya ya leo, na katika eneo la Serengeti, elimu ya awali ilitolewa kwa sehemu kubwa na misheni. Wakatoliki walikuwa wamefika Nyegina, karibu na Musoma, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934. Shule zao zilikuwa za madarasa ya chini. Mwaka wa masomo ulianza mwezi wa Januari kwa kufuata utaratibu wa serikali ya kikoloni, lakini mahudhurio yalifuata mifugo na mashamba. Mvulana aliyechunga ng'ombe wa baba yake alikuja shuleni pale ambapo mdogo wake alikuwa amekua vya kutosha kumpokea fimbo.

Jando na ukeketaji navyo vilifuata utaratibu wake. Miongoni mwa Wakurya, uamuzi wa kufungua msimu wa tohara ulikuwa wa wazee wa mila, baraza linalojulikana kama inchama, ambao walisoma dalili za mwaka: mavuno, maradhi, amani baina ya koo. Mwaka wenye dalili mbaya uliweza kuachwa. Tohara kwa wavulana na ukeketaji kwa wasichana viliwaingiza vijana katika rika, na kwa msichana, vilitangaza kwamba yuko tayari kuolewa na kwamba ng'ombe wa mahari wanaweza kuanza kujadiliwa. Katika kipindi hiki shule na tohara hazikugongana sana, kwa sababu rahisi kwamba wasichana waliofika madarasa ya juu walikuwa wachache kiasi cha kutohesabika katika maamuzi ya wazee.

3.0 Nafasi Adimu ya Taifa, 1961–1985

Takwimu alizozitoa Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, zinaonyesha ukubwa wa uhaba uliorithiwa. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa Kidato cha Sita. Kufikia mwaka 1967 idadi hizo zilikuwa zimefikia takriban 25,000 na 830. Hata baada ya ongezeko hilo, kijiji kizima cha Serengeti kingeweza kumaliza miaka kadhaa bila kumpeleka mtoto hata mmoja sekondari.

Katika mazingira hayo, mwanzo wa mwaka wa masomo ulikuwa tukio la kijiji. Jina la aliyechaguliwa lilikuja kupitia ofisi ya elimu, na tangu katikati ya miaka ya 1960 hakudaiwa ada ya masomo. Serikali ilimpa hati ya kusafiria na ikampangia shule ya bweni, mara nyingi mbali na mkoa wake, kwa nia ya kujenga umoja wa kitaifa. Nafasi ya sekondari ilihesabiwa kuwa mali ya taifa aliyokabidhiwa kijana ili aje kuirudisha kwa utumishi. Lugha hiyo ya deni ndiyo inayosikika katika hotuba za miaka hiyo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliipeleka fikra hiyo mbele zaidi. Katika mji ambao Nyerere alianzia darasa la kwanza, TANU iliamua mambo mawili yanayogusa mada hii. La kwanza lilikuwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote hadi mwaka 1977. La pili lilikuwa kwamba wahitimu wa Kidato cha Sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, bali wafanye kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mahali pa kazi. Kwa uamuzi wa pili, dola ilikubali rasmi kwamba muda kati ya ngazi moja ya elimu na nyingine unaweza kuwa na kazi ya kufanya. Muda huo ulipangwa, ukapewa jina, ukasimamiwa. Hakuna mpango wa aina hiyo uliofanywa kwa muda kati ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza. Tofauti hii ni ya msingi kwa hoja ya insha hii: kwa kijana wa miaka ishirini, dola iliona muda wa kusubiri, kwa mtoto wa miaka kumi na minne, haikuuona.

Elimu ya msingi kwa wote ilitoa idadi kubwa ya wahitimu wa Darasa la Saba kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wakati ambapo uchumi ulikuwa umedorora, ada za sekondari zinarejeshwa na nafasi za sekondari hazijaongezeka kwa kiasi kinacholingana. Kwa msichana wa Mugumu au Tarime, matokeo ya kawaida ya mtihani wa mwisho wa elimu ya msingi yalikuwa kutochaguliwa. Aliyemaliza alirudi nyumbani moja kwa moja, na familia ilianza kupanga maisha yake kwa namna nyingine. Kusubiri hakukuwa hatari, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kusubiri. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mpangilio wa shule na sheria hiyo vilifuatana bila kugongana: shule ilimwachia msichana katika umri uleule ambao sheria ilimruhusu kuolewa.

4.0 Shule za Kata na Kuhama kwa Kizingiti, 2004–2022

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ulibadili hali hiyo kwa kasi ambayo wapangaji wenyewe hawakuitarajia kikamilifu. Kila kata ilitakiwa kuwa na shule ya sekondari. Wananchi walichangia mawe, mchanga na fedha, na serikali ikaleta mabati na walimu. Wanafunzi wa sekondari nchini waliongezeka kutoka takriban 432,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.4 mwaka 2009, na shule zikafikia 4,102 mwaka huo. Mitaani, shule hizo ziliitwa yeboyebo, na walimu waliopewa mafunzo ya muda mfupi ili kuziba pengo wakaitwa voda fasta. Majina hayo ya kejeli ni ushahidi wa kihistoria: yanaonyesha kwamba jamii ilitambua mara moja tofauti kati ya kupata nafasi na kupata elimu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013 na kuonyesha kwamba takriban watahiniwa sita kati ya kumi walipata daraja sifuri kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya, yalithibitisha wasiwasi huo.

Hata hivyo, ni kosa kuzitathmini shule za kata kwa matokeo ya mtihani peke yake. Katika Serengeti na Tarime zilibadili maana ya mwezi wa Januari. Kwa mara ya kwanza, msichana wa kawaida aliyefaulu Darasa la Saba angeweza kuitarajia sekondari. Kizingiti kilihama kutoka kwenye mtihani hadi kwenye mambo ya nyumbani: fomu ya kujiunga, sare, umbali.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga inastahili kusomwa kama hati ya kihistoria. Orodha yake ya mahitaji, pamoja na sare, viatu vyeusi, madaftari na rimu ya karatasi, mara nyingi ina jembe, fyekeo, ndoo na ufagio. Zana hizo ni mabaki ya Elimu ya Kujitegemea yaliyodumu hata baada ya falsafa yenyewe kuacha kutajwa. Kwa mwanafunzi wa bweni huongezwa godoro, shuka na tranka. Kwa kaya inayotegemea kilimo na mifugo, orodha hiyo hutua katika wakati mgumu, kwa maana akiba ya chakula imepungua na mazao ya mvua za vuli hayajageuka fedha. Njia iliyobaki ni mnada wa mifugo. Hapo ndipo mahitaji ya shule hukutana uso kwa uso na hesabu ya mahari: mtoto mmoja huondoa ng'ombe zizini ili akasome, na huyohuyo, akiolewa, huingiza ng'ombe. Familia nyingi zimechagua shule licha ya hesabu hiyo, na uchaguzi wao haupaswi kuchukuliwa kuwa wa gharama ndogo.

Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa mujibu wa waraka wa elimu wa mwaka 2015, iliondoa ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni katika Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, pamoja na michango ya lazima. Sare na mahitaji binafsi yalibaki kwa mzazi. Kikwazo cha madarasa nacho kilishughulikiwa mwishoni mwa mwaka 2021, ambapo sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ilitumika kujenga vyumba vya madarasa 12,000 vya sekondari. Kabla ya hapo, waliofaulu waliweza kupangiwa shule kwa awamu, wengine wakisubiri wiki au miezi zaidi hadi vyumba vikamilike. Januari 2022 zaidi ya wanafunzi 900,000 nchini walichaguliwa kuanza Kidato cha Kwanza kwa pamoja.

Umbali ulibaki. Shule ya kata katika eneo pana lenye makazi yaliyotawanyika bado iko mbali kwa wanafunzi wengi, na pale pasipo na hosteli hupanga vyumba karibu na shule, maarufu kama geto, wakiishi bila uangalizi wa mtu mzima. Lugha nayo ilibaki. Mtoto aliyezungumza Kikurya au Kingoreme nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika siku zilezile anapojifunza majina ya walimu wapya. Kozi ya awali ya wiki chache mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza imekuwa jibu la mfumo kwa tatizo hilo, jibu ambalo wachunguzi wengi wa lugha wameliona kuwa fupi kuliko tatizo.

5.0 Desemba: Likizo, Ukeketaji na Nyumba Salama

Mtihani wa Darasa la Saba hufanyika Septemba. Kidato cha Kwanza huanza Januari. Katikati kuna takriban miezi minne, na mwisho wake ni likizo ndefu ya Desemba, ambapo shule zote hufungwa, ndugu walioko mijini hurudi nyumbani na chakula cha sherehe hupatikana. Utafiti wa Miroslava Prazak miongoni mwa Wakurya wa Kenya umeonyesha jinsi tohara ilivyopangwa kufuata likizo za shule. Upande wa Tanzania hali ni hiyohiyo: msimu unaojulikana zaidi ni wa Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo shule, ambayo hutajwa kuwa adui wa ukeketaji, ndiyo pia iliyousaidia kupata tarehe maalumu. Mila iliyotegemea mavuno na dalili ilijifunza kusoma kalenda ya wizara.

Hoja hii isieleweke vibaya. Kalenda ya shule haikuanzisha ukeketaji, na kuibadilisha hakutaukomesha. Kinachodaiwa ni kwamba kalenda iliukusanya ukeketaji ndani ya wiki chache zinazotangulia siku ambayo msichana anatakiwa kuripoti Kidato cha Kwanza, na hivyo ikaunganisha maamuzi mawili ambayo zamani yalitengana. Msichana aliyekeketwa Desemba hutazamwa na jamii yake kuwa mwanamke aliye tayari kwa ndoa mwezi uleule ambao serikali inamtarajia avae sketi ya shule.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kwa adhabu ya kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Lakini marekebisho ya 2016 yanamlinda mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Msichana aliyemaliza Darasa la Saba na hajasajiliwa Kidato cha Kwanza yuko katikati ya maneno hayo mawili. Ulinzi wake unategemea tafsiri, na tafsiri hutegemea kama kuna mtu anayemhesabu.

Ni katika nafasi hiyo ambapo nyumba salama zilizaliwa. Katika Tarime, kituo cha Masanga kimekuwa kikipokea wasichana wakati wa msimu na kuwafundisha kwa njia mbadala ya kuvuka rika tangu mwishoni mwa muongo wa 2000. Mjini Mugumu, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014, na mwaka 2017 Rhobi Samwelly alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloendesha makazi ya aina hiyo. Wasichana hufika mwishoni mwa Novemba na Desemba, wengine kwa miguu, wengine kwa msaada wa walimu, polisi wa dawati la jinsia au watumishi wa ustawi wa jamii. Msimu ukiisha, hufanyika vikao vya usuluhishi na wazazi. Wanaokubali kumlinda binti hurudishiwa mtoto kwa ahadi ya maandishi. Wanaokataa humwacha mikononi mwa kituo.

Kwa mtazamo wa historia ya elimu, jambo la kuzingatiwa ni kwamba usuluhishi huo hufanyika kwa kukimbizana na ufunguzi wa shule. Suala la wapi binti atalala huwa pia suala la wapi ataripoti na nani atanunua sare. Kituo kilichoanzishwa ili kumkinga msichana na kisu hujikuta kikifanya kazi ya mzazi siku ya kwanza ya muhula: kushona sare, kujaza fomu, kusaini daftari. Nyumba salama imegeuka kuwa sehemu ya mfumo wa udahili wa sekondari bila kutajwa katika mpango wowote wa elimu.

Takwimu za afya zinaonyesha mabadiliko, ingawa si ya haraka. Kitaifa, wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, asilimia 10 mwaka 2015–16 na asilimia 8 mwaka 2022. Katika Mara kiwango kilikuwa asilimia 32 mwaka 2015–16 na asilimia 28 mwaka 2022. Pamoja na kushuka huko, taarifa za miaka ya karibuni zinaeleza juu ya familia zinazowakeketa watoto wakiwa wadogo zaidi, nje ya msimu na kwa siri, au kuwavusha mpaka kwenda Kenya. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni kwa sababu ya UVIKO-19, ilidhihirika kwamba likizo yoyote isiyopangwa ni upanuzi wa muda uleule wa hatari. Hivyo, wanaopendekeza kufupisha likizo ya Desemba peke yake wanatibu tarehe badala ya pengo.

6.0 Julai: Kidato cha Tano na Pengo la Pili

Kwa msichana aliyevuka Januari na kumaliza miaka minne, kalenda imeandaa pengo jingine. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na masomo ya Kidato cha Tano huanza Julai mwaka unaofuata. Mpangilio huu umetulia hivi karibuni: mtihani wa Kidato cha Sita, uliokuwa ukifanyika Februari, ulihamishiwa Mei kuanzia mwaka 2014, na mwaka wa masomo wa ngazi hiyo ukafuata. Kwa hiyo mhitimu wa Kidato cha Nne hukaa nyumbani takriban miezi minane, mara mbili ya muda wa ndugu yake wa Darasa la Saba, akiwa na umri wa miaka 17 au 18, umri ambao hoja ya ndoa ina nguvu zaidi.

Kidato cha Tano kina uzito wake wa kipekee. Mwanafunzi hupangiwa tahasusi, na tahasusi hiyo huamua kozi za chuo kikuu atakazoweza kuomba miaka miwili baadaye. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuongeza tahasusi hadi 65, zikigusa michezo, sanaa, dini na lugha pamoja na sayansi na biashara. Shule zenye Kidato cha Tano ni chache kuliko shule za kata, kwa hiyo aliyechaguliwa huondoka wilayani, mara nyingi hata mkoani. Safari ya Nyerere ya mwaka 1937 inarudi kwa sura nyingine: binti wa Morotonga akiwa na tranka katika stendi ya basi ya Mugumu, akielekea shule ambayo yeye na mzazi wake hawajawahi kuiona. Tofauti ni kwamba mwaka wa fedha 2022/23 ulifuta ada kwa ngazi hii pia, na kwamba anayesafiri sasa anaweza kuwa msichana.

Umbali huo una faida ambayo haitajwi mara kwa mara. Shule ya kata humlaza msichana nyumbani au geto, karibu na shinikizo la ukoo. Bweni la Kidato cha Tano humweka nje ya shinikizo hilo katika miaka miwili muhimu. Kwa maana hiyo, mfumo wa zamani wa kupangia wanafunzi mbali na kwao, uliobuniwa kwa ajili ya umoja wa taifa, umepata kazi ya pili ambayo wabunifu wake hawakuifikiria.

Kwa waliopotea katika mojawapo ya mapengo haya, Novemba 2021 ilileta badiliko jingine: serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Uamuzi huo ulikomesha utaratibu uliokuwa umesisitizwa hadharani tangu mwaka 2017 wa kutowaruhusu kurudi. Kwa lugha ya insha hii, mwaka wa masomo ulipata uwezekano wa kuanza mara ya pili kwa mtu yuleyule.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya kuanza sekondari katika Serengeti na Tarime ni historia ya kizingiti kinachohama. Hadi mwaka 1961 kizingiti kilikuwa uwepo wa shule yenyewe. Kuanzia uhuru hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa mchujo. Baada ya MMES kilikuwa gharama na umbali. Baada ya mwaka 2016, na hasa baada ya 2022, kilichobaki kuonekana wazi ni muda: miezi minne kwa mhitimu wa Darasa la Saba, minane kwa mhitimu wa Kidato cha Nne. Muda huo ulikuwapo siku zote. Ulifichwa na vizingiti vikubwa zaidi vilivyousimamia mbele.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaelekea kuligusa pengo la kwanza kwa njia mbili. Inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, hivyo mtoto anatarajiwa kuendelea hadi Kidato cha Nne bila kuchujwa, na inapunguza elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Kwa hatua ya kwanza, hoja kwamba msichana aliyemaliza shule ya msingi si mwanafunzi tena itapoteza nguvu, kwa kuwa atakuwa bado ndani ya elimu ya lazima. Kwa hatua ya pili, msichana atafika mlango wa sekondari akiwa mdogo kwa mwaka mmoja, mbali kidogo na umri wa ndoa lakini si mbali na umri wa kukeketwa. Sera imeurefusha wajibu wa dola. Haijaeleza nani anamhesabu mtoto kati ya siku anapokabidhi madaftari ya shule ya msingi na siku anaporipoti sekondari.

Hoja ya kiutendaji inayotokana na historia hii ni ndogo, lakini inatekelezeka. Mwaka 1974, mjini Musoma, dola iliwahi kuutambua muda kati ya ngazi mbili za elimu kuwa muda wa kusimamiwa. Usajili wa Kidato cha Kwanza ukifanywa mara tu mtihani unapokwisha, kwa mtoto kupewa namba ya shule mpya kabla ya Desemba, msichana ataingia msimu akiwa mwanafunzi wa sekondari kwa jina na kwa sheria. Mwalimu mkuu wa shule anayokwenda atakuwa na sababu ya kumuulizia kabla ya Januari, na polisi hawatalazimika kubishania hadhi yake. Kwa sasa, kazi ya kumuulizia inafanywa na nyumba salama chache na walimu wenye moyo. Uchunguzi zaidi unahitajika katika daftari za shule za kata za Serengeti na Tarime, kata kwa kata na mwaka kwa mwaka, ili majina yaliyochaguliwa Desemba na kukosekana Januari yahesabiwe. Mpaka hapo, kila wastani wa mahudhurio unaotolewa kwa mkoa utakuwa unaeleza habari za waliofika tu.